Somo: Kufungua barua pepe ya kazini ukiwa nje ya ofisi, kwa simu au kivinjari

Wakuu, wapo wanaojitumia nyaraka za ofisi kwenye Gmail binafsi ili wazisome nyumbani. Acheni. Zikishatoka huko, ofisi haina tena uwezo nazo, na njia halali ni rahisi kuliko hiyo.

1. Jua barua zenu zinakaa wapi. Waulize watu wa TEHAMA: ni Microsoft 365, Google Workspace, Exchange (mfumo wa barua wa Microsoft) iliyopo ofisini, au seva (kompyuta inayohifadhi barua) ya kawaida inayokuja pamoja na tovuti? Uliza pia kama simu binafsi inaruhusiwa.

2. Anza na kivinjari. Hapa hupangi chochote. Wa Microsoft 365 aandike outlook.office.com, wa Workspace mail.google.com, kisha aingie kwa anwani ya kazini. Exchange ya ofisini mara nyingi ni anwani ya seva ikifuatiwa na /owa. Iandike mwenyewe, usifuate kiungo ulicholetewa kwenye barua, maana matapeli hupenda sana kuiga kurasa za kuingilia. Kwenye kompyuta ya mtu tumia dirisha la faragha (incognito au private), na ukimaliza toka kwenye akaunti kabla ya kulifunga. Ila dirisha hilo halizuii programu inayonasa unachochapa, ndiyo maana kompyuta za kukodi mimi sizigusi kwa kazi za ofisi.

3. Simu. Wa Microsoft 365 apakue Outlook, wa Workspace Gmail. Weka anwani, nenosiri, thibitisha hatua ya pili (mfano namba inayotumwa kwenye simu), umemaliza.

Shughuli ipo kwa wenye seva ya kawaida. Simu itakuuliza: IMAP au POP? Chagua IMAP. POP hushusha barua kwenye kifaa, na isipopangwa vizuri huzifuta kwenye seva. Yamenikuta: nilifika ofisini kikasha kitupu, barua za wiki nzima zimehamia kwenye simu. IMAP huziacha kwenye seva, na ukisoma kwenye simu, kompyuta nayo inajua umeshasoma.

Kupokea: IMAP, poti (namba ya mlango wa seva) 993, SSL/TLS (hii na STARTTLS ni njia za kuficha data ikiwa njiani).
Kutuma: SMTP, poti 587 na STARTTLS, au 465 na SSL/TLS.

Jina la mtumiaji mara nyingi ni anwani nzima, si kile kipande cha kabla ya @. Hapo ndipo wengi hukwama nusu saa nzima.

Maswali ya wanachama

*Napokea vizuri, kutuma kunagoma. Shida nini?*
Tazama upande wa SMTP. Simu nyingine huacha jina na nenosiri wazi pale, na seva haikubali kutuma barua ya mtu isiyemjua. Kama umeweka poti 25, ibadilishe. Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa sababu ya barua taka.

*Mkuu, kwenye kivinjari naingia, ila programu yangu ya zamani inakataa nenosiri lile lile.*
Kama mko Microsoft 365, nenosiri halina kosa. Tangu Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima uingiaji wa jina na nenosiri pekee kwenye Exchange Online, yaani huduma ya barua ya Microsoft 365. Sasisha programu, ondoa akaunti, iongeze upya. Ikigoma tena, hamia Outlook.

*Simu inasema ofisi itaweza kufuta data. Na picha za watoto wangu je?*
Swali zuri. Ukiunganisha Exchange kwenye programu ya barua iliyokuja na simu, amri ya kufuta inaweza kurudisha simu nzima ilivyotoka kiwandani. Kupitia Outlook, amri hiyo huondoa data za Outlook tu. Lakini kama ofisi imesajili simu yenyewe kwenye mfumo wake, waulize kwanza.

*Simu imeibiwa jana usiku, nifanye nini?*
Usisubiri kununua nyingine. Azima kifaa cha mtu unayemwamini, badilisha nenosiri, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha wapigie TEHAMA leo hii. Wao wanaweza kuifungia simu hiyo hata wewe ukishindwa kuingia.