Mkate wa sufuria na mchanga ukiwa safarini na gari la kulala

Ukiegesha gari kando ya Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, unaweza kula mkate uliouoka mwenyewe bila kuwa na oveni. Sufuria nzito ya alumini yenye upana wa sentimita 30 na mfuniko unaobana vizuri inatosha. Ila moto wake hutoka chini tu, kwa hiyo mkate huungua kitako huku juu ukibaki mweupe. Hilo ndilo la kushughulikia tangu mwanzo.

Kwa mkate mmoja chukua unga wa ngano gramu 500, hamira kavu kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kiasi hichohicho, sukari kijiko kikubwa kimoja, mafuta vijiko vikubwa viwili na maji ya uvuguvugu mililita 300. Maji yakikuunguza kidole yataua hamira, na mkate hautaumuka hata ungoje mpaka usiku. Kanda dakika 10 hadi donge liwe laini na livutike bila kukatika. Likinata mkononi, paka mkono mafuta. Usiongeze unga, maana unga mwingi ndio hutoa mkate mkavu.

Funika, uache uumuke mpaka ujae mara mbili. Kampala, kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi ni saa moja hivi. Kabale, mji ulio karibu na Ziwa Bunyonyi kwenye karibu mita 2,000, mgandamizo wa hewa ni mdogo na donge huvimba upesi kukiwa na joto, lakini jioni baridi hulilaza. Kwa hiyo tazama donge, saa isikutawale: bonyeza kwa kidole, shimo likirudi polepole liko tayari, likibaki vilevile limepita kiasi. Huko juu mchana wa jua punguza hamira kwa robo.

Sasa tengeneza oveni. Mwaga mchanga uliochekechwa, mkavu kabisa, kina cha sentimita 2 ndani ya sufuria. Juu yake weka kistendi cha waya au mawe matatu yanayolingana. Mawe usiyaokote mtoni, kwani maji yaliyojificha ndani yanaweza kuyapasua yakipata moto. Bati la kuokea liwe la sentimita 20 ili hewa ya moto izunguke pande zote. Likigusa ukuta wa sufuria, ubavu ule utaungua. Pasha sufuria iliyofunikwa dakika 12 kwa moto wa kati.

Donge likiumuka, lipige mara moja kutoa hewa, liweke kwenye bati lililopakwa mafuta na uliache livimbe tena dakika 25 hadi 30. Oka dakika 40 hadi 45 kwa moto mdogo kuliko wa kupashia. Usifunue nusu saa ya kwanza. Dakika 10 za mwisho sogeza mfuniko kidogo mvuke utoke, usije ukadondoka na kulowesha mkate juu. Kama unataka juu paive vizuri, hamia kwenye sigiri: theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Kwa maoni yetu hakuna njia inayoishinda hii. Lakini sigiri ikae nje ya gari, hata mvua ikinyesha. Gesi yenye sumu ya makaa haina harufu, na imeua watu usingizini.

Jiko la gesi nalo lina masharti yake. Fungua dirisha na tundu la paa unapopika. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, hivyo gari liwe na tundu la chini pia. Kabla ya kuondoka funga gesi kwenye mtungi wenyewe, maana barabara za murram hulegeza viungo. Vipake povu la sabuni kila wiki. Mapovu yakitokea, gesi inavuja.

Mkate ukiiva, gonga kitako: hutoa sauti ya kitu kilicho na uwazi ndani. Uweke juu ya waya nusu saa kabla ya kuukata, la sivyo katikati patanata.

Sufuria ingali ya moto, usipoteze joto hilo. Babua jani la mgomba juu ya moto lilainike, funga ndani yake kipande cha mputa (samaki aina ya sangara) cha gramu 300 chenye chumvi, nyanya na kitunguu, kiweke kwenye bati. Ndani ya dakika 25 nyama itaachana kwa uma. Samaki awe wa asubuhi ileile, aliyewekwa kwenye barafu. Mchanga ukipoa kabisa uhifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Ukianza kunuka mafuta, mwaga utafute mwingine.