Jedwali liite gari lenyewe: kuunganisha Google Sheets na grupu la Telegram

Natunza stoo ya wakala wa gesi ya kupikia hapa Tabata, Dar es Salaam. Tuna maduka matatu, Mbezi, Gongo la Mboto na Mbagala, na kirikuu moja (gari dogo la mizigo) linalozunguka kote. Kila duka linaandika mauzo yake kwenye Google Sheets kwa simu. Ijumaa moja mtungi wa mwisho wa kilo 15 uliuzwa Mbagala saa nne asubuhi, ukaandikwa vizuri kabisa. Saa tano gari likafika palepale, likashusha mitungi ya kilo 6, likaondoka. Jioni wateja wakaja na mitungi yao mitupu, wakaishia kwa jirani. Dereva akaniuliza, "Dada, mbona hamkuniambia?" Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyekuwa amelifungua jedwali tangu asubuhi.

Siku hizi jedwali linamwambia lenyewe. Nitaeleza nilivyofanya, na wewe wa dawa, wa vinywaji au wa vipuri utabadilisha majina tu.

Anza kwa kuamua ni ujumbe gani utatumwa, na hapa usiharakishe. Mara ya kwanza niliagiza kila mauzo yaingie kwenye grupu. Kufika mchana ujumbe ulikuwa umejaa, na kesho yake dereva akazima sauti ya grupu. Simlaumu, maana mtu yuko Barabara ya Mandela kwenye foleni na simu inalia kila dakika kwa habari isiyomhusu. Tangu hapo nina sheria moja: ujumbe utoke pale tu ambapo kuna mtu anatakiwa kunyanyuka. Na uwe na mambo matatu, yaani duka gani, kitu gani, afanye nini.

Wengi wataniuliza kwa nini si WhatsApp, ambako wafanyakazi wote wako tayari. Njia rasmi ya Meta, wenye WhatsApp, inadai usajili wa namba ya biashara, na ujumbe unaouanzisha wewe unapita kwa violezo, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema, vilivyoidhinishwa kwanza. Zipo programu zinazojifanya simu yako na kutuma kwenye grupu, lakini zinavunja masharti na namba inaweza kufungiwa. Namba yetu imepakwa rangi ukutani na kwenye gari, siwezi kuihatarisha. Telegram wanaruhusu roboti (programu inayotuma ujumbe yenyewe) bure, na kumfundisha dereva kuipakua ilinichukua chai moja.

Sasa jedwali. Tengeneza Google Form ambayo majibu yake yanaingia kwenye jedwali, ya maswali machache: duka, ukubwa wa mtungi, umeuza au umepokea, idadi. Fomu ni bora kuliko kuwaachia watu waandike ndani ya jedwali, kwa sababu mmoja ataandika "Mbagala", mwingine "mbagara", na hesabu itawagawa. Duka na ukubwa viwe vya kuchagua. Kisha ongeza karatasi nyingine uiite Salio, mstari wa kwanza wa vichwa, kisha mstari mmoja kwa kila duka na kila ukubwa. Safu ya kwanza duka, ya pili mtungi ("kilo 15"), ya tatu salio linalojihesabu kwa SUMIFS, yaani waliyopokea kutoa waliyouza, ya nne kiwango cha chini, ya tano iache wazi. Kiwango cha chini weka kwa kuangalia umbali. Mbagala nimeweka kikubwa kuliko Gongo la Mboto, kwa sababu gari likikwama Barabara ya Kilwa saa mbili zinakatika bila mtungi kushushwa.

Ndani ya Telegram mtafute BotFather, roboti ya Telegram inayotengeneza roboti nyingine, mwandikie /newbot, ipe roboti jina na username, naye atakupa tokeni, mstari mrefu wa herufi na namba. Huo ni ufunguo wa nyumba, usiupige picha wala kuutuma kwa mtu. Iongeze roboti kwenye grupu, andika humo /anza@ ikifuatiwa na username ya roboti, kisha kwenye kivinjari fungua https://api.telegram.org/bot, bandika tokeni bila nafasi, malizia na /getUpdates. Katika maandishi yatakayotokea tafuta neno chat na namba ya id iliyo chini yake. Ya grupu huanza na alama ya kutoa. Inakili pamoja na alama hiyo.

Rudi kwenye jedwali, ingia Extensions, kisha Apps Script, mahali pa kuandika msimbo (code) wa jedwali. Bonyeza gurudumu la mipangilio, shuka hadi Script Properties, weka TOKENI (ile tokeni) na GRUPU (ile namba ya id) humo. Usiviandike ndani ya msimbo, kwa sababu mtu akinakili jedwali, msimbo unaenda nalo. Mwenye ruhusa ya kuhariri jedwali anaweza kuvifikia hata humo, kwa hiyo maduka wape fomu tu, kuhariri kubaki kwako. Halafu bandika:

function angaliaSalio() {
  const siri = PropertiesService.getScriptProperties();
  const tokeni = siri.getProperty('TOKENI');
  const grupu = siri.getProperty('GRUPU');
  SpreadsheetApp.flush();
  const karatasi = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Salio');
  const mistari = karatasi.getDataRange().getValues();
  for (let i = 1; i < mistari.length; i++) {
    const [duka, mtungi, salio, kiwango, hali] = mistari[i];
    if (!duka) continue;
    if (salio <= kiwango && hali !== 'IMETUMWA') {
      UrlFetchApp.fetch('https://api.telegram.org/bot' + tokeni + '/sendMessage', {
        method: 'post',
        payload: {
          chat_id: grupu,
          text: duka + ': mtungi wa ' + mtungi + ', imebaki ' + salio + '. Peleka leo.'
        }
      });
      karatasi.getRange(i + 1, 5).setValue('IMETUMWA');
    } else if (salio > kiwango && hali === 'IMETUMWA') {
      karatasi.getRange(i + 1, 5).clearContent();
    }
  }
}

Ile safu ya tano ndiyo inayolinda heshima ya grupu. Bila neno IMETUMWA, kila duka lolote likijaza fomu, Mbagala itapigiwa kelele upya. Mzigo ukipokelewa na salio likapanda, neno linafutika na mstari uko tayari kuonya tena. Neno linaandikwa baada ya ujumbe kutoka, kwa hiyo mtandao ukikatika katikati, fomu inayofuata itajaribu tena.

Ukibonyeza Run mara ya kwanza Google itaomba ruhusa na kukuonya kwamba programu haijathibitishwa. Umeiandika mwenyewe kwa jedwali lako, endelea. Msimbo wa mtu usiyemjua usiupe ruhusa hiyo.

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Nilikuwa nimeipa kazi (ile function) jina la onEdit, nikitegemea ijiamshe jedwali likibadilika. Haikutuma kitu. Kwanza, onEdit ya kawaida hairuhusiwi kuwasiliana na nje, kwa hiyo UrlFetchApp inakataliwa. Pili, jibu la fomu halihesabiwi kuwa ni mtu amehariri. Dawa ni kuweka kichochezi (trigger), yaani kinachoiamsha kazi, kwa mkono: bonyeza alama ya saa upande wa kushoto, ongeza kipya, chagua angaliaSalio, chanzo kiwe jedwali, tukio liwe On form submit. Kisha jaza fomu ya majaribio kwa simu ya duka, si kwa kompyuta yako, uone grupu linasema nini.

Jioni nina kichochezi cha pili, cha muda, kinachotuma idadi ya mitungi mitupu ambayo kila duka linadaiwa. Angalia saa. Nilipotaka saa moja jioni nilichagua 1, na muhtasari ukaingia saa saba, usiku au mchana kutegemea ulichobonyeza, wakati saa moja yetu ya jioni kwao ni 7pm. Hakikisha pia mipangilio iko GMT+3. Na usitegemee dakika kamili: ukichagua kati ya 7pm na 8pm, Google itapanga yenyewe dakika ndani ya saa hiyo.

Ofisi zinazotumia Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, zinaweza kubaki na karibu kila kitu hapo juu. Unabadilisha anwani iwe ya incoming webhook (kiungo cha kupokelea ujumbe) ya chaneli yako, na ujumbe unautuma kama JSON yenye text.

Jambo ambalo wengi hugundua wamechelewa: kichochezi kinaendeshwa kwa akaunti ya aliyekiweka. Ukimpa kijana wa mafunzo akiweke kwa barua pepe yake, siku akiondoa ruhusa au akifunga akaunti, grupu litanyamaza bila kuaga, nanyi mtadhani stoo zote zimejaa. Tulifungua akaunti ya duka, nenosiri analo bosi na mimi ninalo, vichochezi vyote viko humo. Na kila Jumatatu asubuhi, kabla gari halijatoka Tabata, nashusha salio la mstari mmoja wa majaribio unaoitwa "Jaribio", nasubiri dereva anijibu, "Nimeiona, dada."