Somo: Fourier kwa maji ya gatini, hatua kwa hatua

Jamani leo nalitoa lile somo la Fourier, na nalianzia hapa gatini Lamu manake kila mtu ameona maji yakijaa na kupwa, hivo kitu cha kujirudia si kigeni kwetu. Fourier, Mfaransa, alichapisha kitabu chake cha joto mwaka 1822, na wazo lake ni kwamba karibu kila kinachojirudia waweza kukijenga kwa kujumlisha saini na kosaini (mawimbi laini ya hisabati, kosaini huanzia juu kileleni, saini huanzia katikati ikipanda), ya kwanza, ya kasi mara mbili, mara tatu, hivo hivo. Kazi ni kujua kila wimbi lina ukubwa gani.

Hatua ya 1: pima. Tuseme mzunguko ni saa 12 kamili, tumepima kila baada ya saa 3 tukapata mita 3, 2, 1, 2.

Hatua ya 2: wastani, 8 gawa kwa 4, ni 2. Huo ndo usawa wa katikati.

Hatua ya 3, hapa tulieni. Kosaini kwenye nyakati hizo ni 1, 0, -1, 0. Zidisha na vipimo moja moja, wapata 3, 0, -1, 0, wastani wake 0.5, kisha mara mbili, ni 1. Kosaini imo, ukubwa mita 1.

Hatua ya 4: saini (0, 1, 0, -1) yatoa 2 na -2, sufuri, haimo. Basi kimo ni 2 + kosaini, rudisha mwenyewe uone. Mie hapa ndo napapenda sana, wimbi lisilokuwemo lajifuta lenyewe.

Swali: Mwalimu, kwani mbona mara mbili?
Jibu: Dadangu, kosaini ikizidishwa na yenyewe wastani wake ni nusu, hivo lazma uirudishe.

Swali: Na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, yatoka wapi?
Jibu: Wimbi la mwezi huchukua saa 12.42, la jua saa 12. Yakikutana pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, na toka bamvua hadi bamvua ni kama siku 14.8. Kaka, hayo mawili si mara moja na mara mbili ya kasi moja, kwa hivo ukitaka kuyatenganisha pima siku 15 mfululizo, ukipima siku tatu utayaona kama wimbi moja tu.