Somo: Kumtuliza mbwa mwoga, awe koko au wa mbegu

Mbwa koko akijikunja pembeni, mkia katikati ya miguu, watu husema hafai. Jaman Shepadi akifanya vilevile, wanasema bado mdogo. Woga mwingi hutokana na wiki ya 3 hadi ya 14 ya maisha: asipozoea watu na pikipiki wakati huo, huja kuviogopa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulikuta kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

1. Siku 3 za kwanza mwache. Mpe kona yenye ukuta nyuma, maji karibu, watu wasipite hapo. Usimfunge mnyororo; akikosa pa kukimbilia hubakiwa na meno.

2. Msogelee taratibu. Akiacha kula au akikukazia macho, rudi hatua 2. Kazi inaanzia hapo, hata kama ni mita 10.

3. Kaa chini, umpe ubavu, usimtazame machoni. Rusha kipande cha ini la kuchemsha, ukubwa wa harage, kidondoke NYUMA yake. Hapa wengi huharibu: wanashika nyama mkononi. Njaa inamvuta, nyama inaisha, anajikuta uso kwa uso na mtu, anashtuka, anang'ata. Kikidondoka nyuma, anaondoka, anapumua, kisha anarudi kwa hiari yake. Vipande 10 hadi 15, mara 2 kwa siku, basi.

4. Akija mwenyewe, mguse kifuani sekunde 3, si kichwani. Toa mkono, subiri. Akisogea tena, endelea.

Akinguruma usimchape. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atang'ata bila onyo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikimtilia pilipili kwenye chakula hatakuwa mkali?*
Atapata maumivu ya tumbo tu. Na mbwa mwoga aliyechokozwa hachagui mwizi. Atamng'ata mtoto wa jirani aliyepita mbio. Ukitaka ulinzi, kubweka kunatosha, na waoga hubweka mapema.

*Akimng'ata mtu je?*
Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo ya kichaa.

*Niko Uingereza. Eti mbwa anaweza kuchukuliwa kwa sababu ya umbo lake tu?*
Ndiyo. Sheria ya mbwa hatari ya 1991 huangalia umbo na vipimo vya mwili, si upole wake. England na Wales, tangu 1 Februari 2024, kumiliki XL Bully (aina ya mbwa mkubwa mwenye misuli) bila cheti cha msamaha ni kosa, na hadharani lazima avae kizuia mdomo. Kama ni mwoga, mzoeshe nyumbani kwanza: paka ndani ya kizuia mdomo siagi ya karanga isiyo na zailito (kiongeza utamu ambacho ni sumu kwa mbwa), aingize pua mwenyewe, na usifunge mkanda mpaka aache kurudi nyuma.