Safari za Wazungu Baharini: Namna ya Kuzifundisha kwa Sado ya Viazi

Ukiingia darasani na kuandika ubaoni "1492, Christopher Columbus", nusu ya darasa umeshaipoteza. Nusu nyingine watanakili, watakariri, na kwenye mtihani watakujibu kwamba Columbus aligundua Amerika, kana kwamba watu waliokuwa wakiishi kule walikuwa usingizini wakimsubiri aje awaamshe. Mimi nafundisha historia Kidato cha Pili huku Rungwe, na mada hii naianzia sokoni. Maelekezo haya ni ya mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu. Utahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, meza mbili, chaki, na vitu ambavyo vingi viko tayari kwenye stoo ya jiko la shule.

Siku moja kabla, pitia Isyonje. Kama uko Mbeya mjini, Sido au Uyole panatosha. Nunua kidogo kidogo: viazi mviringo, mahindi, maharage, nyanya, pilipili, karanga, parachichi, mbegu za alizeti na kipande cha muhogo. Ukiwa na mwanafunzi anayetoka Kyela, mwombe mapema akuletee punje za kakao iliyokaushwa. Vyote hivyo asili yake ni mabara ya Amerika, lakini usimwambie mtu. Kisha tafuta vya kuchanganya navyo: ulezi, mtama, kunde, ndizi, mchele, kahawa, majani ya chai, kitunguu. Usinunue vingi. Ukipeleka maparachichi kumi, hakuna litakalofika mwisho wa kipindi.

Waache wakosee kwanza

Mwaga kila kitu kwenye meza moja. Waambie watenge: meza hii ibaki na vya asili ya Afrika, ile pale iwe ya vilivyoletwa. Wewe kaa nyuma, nyamaza. Mahindi yatawekwa Afrika bila mjadala na maharage yatayafuata. Viazi vitaleta ugomvi, maana wa kutoka Makete watakuapia kuwa viazi ni vya Makete tangu dunia iumbwe. Ukifika kwenye ndizi, Wanyakyusa hawatakubali kusikia kwamba ndizi ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ni kweli ilitoka huko, ila ilifika Afrika karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kuikanyaga pwani yetu, na hilo walitambue vizuri: Bahari ya Hindi ilikuwa njia ya watu kabla haijawa njia ya Wazungu.

Mtihani wa somo hili ni wa Kiingereza, najua. Waache wabishane kwa Kiswahili kwanza. Hakuna mtoto anayebishana vizuri huku anatafuta maneno.

Wakimaliza, hamisha vitu mwenyewe, kimoja kimoja, ukitaja kilikotoka. Mahindi, kusini mwa Mexico. Viazi, milima ya Andes. Karanga na muhogo, Amerika ya Kusini. Alizeti, Amerika ya Kaskazini. Hapo waulize jikoni leo kuna nini. Siku nyingi jibu ni makande. Mahindi, Amerika, maharage, Amerika, mafuta ya alizeti, Amerika, nyanya, Amerika. Sufuria inabaki na kitunguu, chumvi na maji. Lazima atatokea mmoja aulize, "Madam, sasa mababu walikuwa wanakula nini?" Mrudishe kwenye meza ya kwanza: ulezi, mtama, kunde, ndizi. Mwagize akamuulize bibi yake ugali wa ulezi ulikuwaje.

Kabla hujataja meli hata moja, wape heshima waliolima. Hindi la leo halikuokotwa porini. Wakulima wa Mexico walianza kulitengeneza miaka kama 9,000 iliyopita kutoka kwenye nyasi ya porini yenye punje chache ngumu, wakichagua mbegu msimu baada ya msimu. Wakulima wa Andes walichagua viazi kwa namna hiyo hiyo, tena wakagundua jinsi ya kuvihifadhi: wanavitandaza nje usiku vigande kwa baridi, mchana wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke, wanavianika juani, na baada ya hapo vinakaa miaka bila kuoza. Chakula hicho kinaitwa chuño. Watoto wanaotoka pande za Kitulo, wanaojua umande unavyoganda mwezi wa saba, wanaielewa hadithi hiyo kuliko mimi.

Ramani: chora Kilwa kabla ya Lisbon

Walimu wengi huchora Ulaya kwanza, halafu mishale inayoshuka kuja kwetu. Wewe chora Bahari ya Hindi. Weka Kilwa, Sofala (Msumbiji ya leo), Mombasa, Malindi, na Calicut kule India. Eleza upepo wa kaskazi na wa kusi, kwamba majahazi yalikwenda na kurudi kwa kuufuata. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji mzuri wenye shughuli zake. Sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, imepatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, kwa sababu dhahabu ya huko ilishukia Sofala na Kilwa ndiyo iliyokuwa na mkono juu ya biashara hiyo. Hii yote ni kabla ya Vasco da Gama, nahodha wa Kireno. Sasa ndipo mlete.

Alitoka Lisbon, Ureno, Julai 1497 na kufika Malindi Aprili 1498. Sultani wa Malindi akampa mtu wa kumwongoza. Vitabu vingi vinamtaja Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi wa siku hizi hawalikubali hilo na wanaelekea kuamini alikuwa Mgujarati. Mwanafunzi aandike tu "mwongozaji kutoka Malindi", itatosha. Kwa msaada wake walivuka hadi Calicut kwa siku kama 23. Wakati wa kurudi hawakumngoja mwenye kujua wala hawakungoja upepo wao. Safari ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 wakaichoma meli yao moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Andika 23 ubaoni, pembeni andika "miezi 3", uwaulize tofauti imetokana na nini. Usijibu mpaka mtu aseme: maarifa ya wenyeji.

Igizo la zawadi

Hapa usiwe na haraka. Chagua wanafunzi watatu wawe maofisa wa mfalme wa Calicut, na mmoja awe da Gama. Mpe orodha aisome kwa sauti. Zawadi aliyokuwa ameandaa ilikuwa vitambaa vya milia, kofia, shanga za marijani, mabeseni sita ya kunawia, sukari, na mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali. Maofisa waangalie, halafu waamue kama hiyo ni zawadi ya kumpelekea mfalme wa mji unaouza pilipili manga, vitambaa na vito. Kilichotokea kweli ni kwamba walicheka, wakasema hata mfanyabiashara maskini kutoka Makka analeta zaidi ya hapo. Darasa langu hufurahia sana kucheka pamoja nao, na mimi nawaacha.

Vicheko vikiisha, uliza: mtu anayetaka mali yako na hana cha kukulipa, atafanya nini? Huku kwetu kila mtoto wa mkulima anajua lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kichuguu juu halafu likalipwa kama gunia moja. Kwa hiyo wanajua kwamba anayepanga kipimo ndiye anayepanga bei. Mreno alikuwa dalali aliyefika mnadani mfukoni hana kitu ila ana mzinga wa vita. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, kamanda wa Kireno, aliipora Kilwa, akaichoma Mombasa, na mwaka huo huo Wareno wakajenga ngome Sofala. Baadaye wakaweka utaratibu wa vibali: chombo kisicho na kibali cha Mreno kinaweza kukamatwa baharini, mali ikachukuliwa. Watu waliokuwa wakisafiri bure kwa karne nyingi wakaanza kulipia bahari yao wenyewe. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, na Wareno walitolewa humo na Waomani mwaka 1698.

Mzinga peke yake haununui pilipili manga kila mwaka. Kilichowapa Wazungu cha kulipia ni fedha, yale madini yenyewe, na fedha hiyo ilitoka kwa watu waliolima vile viazi. Mlima wa Potosí, nchi inayoitwa leo Bolivia, ulianza kuchimbwa na Wahispania mwaka 1545, juu zaidi ya mita 4,000. Tangu miaka ya 1570 vijiji vya Andes vililazimishwa kutoa zaidi ya wanaume 13,000 kila mwaka kwenda kufanya kazi huko. Fedha ikaenda Hispania, na tangu 1565 ikavushwa pia kutoka Acapulco, Mexico, hadi Manila, Ufilipino, ikaingia China, ambako ilihitajika hata kulipia kodi. Ikarudi hariri na vyombo vya kaure.

Chora mshale kutoka Potosí hadi China, lakini juu yake usiandike "fedha". Andika "mchimbaji". Fanya hivyo kwenye kila mshale: mtu, siyo mzigo. Ukiifuata kanuni hiyo moja, mada yote inajieleza.

Vifo: kuwa mwangalifu

Ndui ilifika Mexico mwaka 1520, wakati wa vita vya Mhispania Hernán Cortés dhidi ya Waazteki. Ilimwua hata mtawala wao mpya, Cuitláhuac, na mji wao mkuu, Tenochtitlan, ukaanguka Agosti 1521. Wenyeji hawakuwa na kinga ya maradhi hayo, na juu yake ziliongezwa vita, njaa na kazi za shuruti. Idadi ya watu kabla ya Wahispania inabishaniwa, lakini makadirio mengi yanasema ndani ya karne moja hivi wenyeji wa Mexico walipungua kwa kama asilimia 90. Wataino wa visiwa alivyofikia Columbus walikuwa karibu kumalizika katikati ya karne ya 16.

Kuna mchezo ambao walimu hupenda: darasa zima lisimame, halafu tisa kati ya kila kumi wakae, kuonyesha waliokufa. Mimi siufanyi na nakushauri usiufanye. Mikoa yetu hii, Mbeya, Iringa, Njombe, ina watoto wengi wanaolelewa na bibi kwa sababu ya ugonjwa. Tumia sotoka ya miaka ya 1890, iliyoangamiza ng'ombe Afrika Mashariki nzima baada ya kuingia na mifugo kutoka nje. Wataelewa zizi lililobaki tupu.

Biashara ya watumwa ya Atlantiki ifanye kwa hesabu ya kutoa. Watu waliopakiwa melini: kama milioni 12.5. Waliofika hai: kama milioni 10.7. Waache watoe wenyewe, na waliopata jibu waeleze kwa maneno jibu hilo ni nini. Halafu usiiache pwani yetu isimame pembeni kama isiyohusika, maana misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilikuwa ikiteremka Kilwa katika karne ya 19.

Ifikishe nyumbani

Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, alipita Uhehe na kufika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuja huku kwetu. Kiongozi wa safari, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani Behobeho. Vitabu vinamsifu Thomson kwa kuendelea, naye anastahili. Lakini aliyeiongoza misafara ile ya wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyeokolewa utotoni kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo. Waulize darasa Chuma wamfananishe na nani katika somo la leo, na wengine watarudi wenyewe kwa mwongozaji wa Malindi. Baada ya Thomson, hesabu miaka 12 tu: mwaka 1891 wamisionari walishafungua kituo Rungwe, na Wahehe wakapambana na jeshi la Wajerumani pale Lugalo.

Kazi ya nyumbani na alama

Swali ni moja: chagua kitu kimoja mezani, eleza kilitoka kwa nani, kilibebwa na nani, nani alifaidi na nani aliumia. Katika alama kumi, mbili zipe miaka na majina ya mahali, nane zipe watu. Atakayeandika kwamba Wazungu walileta maendeleo, mwandikie pembeni kwa kalamu nyekundu: nani alilipa? Atakayeandika kwamba hakuna jema lolote lililotokana na safari zile, muulize mchana alikula nini.

Dakika kumi za mwisho wape orodha ya sababu ambayo mtihani wa taifa unaipenda: kutafuta viungo na dhahabu, kueneza dini, ushindani wa wafalme, dira na ramani bora, kutaka kuukwepa mkono wa Waturuki na wafanyabiashara wa Kiitaliano. Wainakili kama ilivyo. Wakishapita vipindi viwili namna hii, hata orodha hiyo watakuuliza maswali juu yake, kwa hiyo usiiache mpaka kengele imekaribia kugonga.