Kusoma hati za kale za Kifaransa na Kilatini, na kujua ni za mwaka gani

Mjane mmoja kwenye hati za kale alinipotezea siku mbili. Hati ya Februari 1520 inamwita mjane, wosia wa mumewe ni wa Septemba 1520. Nikamlaumu karani aliyeziandika. Juzi nimemsaidia mwanafunzi aliyekwama palepale, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1. Chati za herufi zilizochapwa sizipendi. Tengeneza yako kwa penseli kutoka ukurasa uleule, ukianza na maneno ambayo hayakosi kuwepo: *notaire* (mthibitishaji hati), *Anno Domini* (mwaka wa Bwana), jina la kijiji. s ndefu hufanana na f, ila haina kistari kinachovuka kwenda kulia. u na v hubadilishana, vivyo hivyo i na j. Programu za kusoma mwandiko ziache mwisho. Hubahatisha bila haya.

Hatua ya 2. Vifupisho. Kistari juu ya irabu mara nyingi ni m au n iliyomezwa. p iliyopigwa mstari mguuni ni *per* au *par*. Alama kama 9 mwanzoni mwa neno ni *con*. Ikipandishwa juu mwishoni ni *us*. Na 7bre si Julai, ni *septembre*.

Hatua ya 3. Tarehe. Hapa usiwe na haraka. Kabla ya amri ya mfalme Charles IX ya 1564, ya kuanza mwaka 1 Januari, sehemu nyingi za Ufaransa, Paris ikiwemo, mwaka ulianza Pasaka. Kwingine ulianza 25 Machi au Krismasi, kwa hiyo usikisie: fungua daftari la karani uone tarakimu inabadilika wapi. Kwenye langu, baada ya Desemba 1520 ilifuata Januari 1520! Mjane wangu basi ni wa Februari 1521 kwa hesabu yetu, na mumewe alishazikwa. Kwenye maelezo yako andika 1520/1521, zote mbili.

Tatizo ni kwamba Pasaka huhama. Mwaka 1521 iliangukia 31 Machi, 1522 ikawa 20 Aprili. Kwa hiyo "10 Aprili 1521" ilitokea mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa karani. Tafuta maneno *avant Pâques* (kabla ya Pasaka) au *après Pâques* (baada yake). Yasipokuwepo, tazama siku ya wiki: 10 Aprili 1521 ilikuwa Jumatano, ya 1522 Alhamisi. Hata siku isipotajwa, angalia hati iliyotangulia na inayofuata.

Hatua ya 4. Ukikuta *an II* (mwaka wa pili), hiyo ni kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka ulioanza 22 Septemba 1793. Jedwali la kubadilishia linatosha.