Kusoma 8.8 kwenye kichwa cha bolti
Miaka yote nilidhani 8.8 iliyogongwa kwenye kichwa cha bolti ni saizi. Kumbe ni gredi, na ina hesabu yake. Zidisha namba ya kwanza kwa 100: unapata 800, yaani bolti hukatika ikivutwa kwa nyutoni 800 hivi kwa kila milimita mraba. Namba ya baada ya nukta ni sehemu ya kumi: 0.8 ya 800 ni 640. Hapo ndipo bolti inapoanza kurefuka bila kurudi, na hiyo 640 ndiyo ya kuangalia, maana bolti iliyorefuka hulegea hata kabla haijakatika. Kwa hiyo 10.9 ni 1000 na 900, ukiweka 8.8 mahali pake, itaingia vizuri tu, lakini nguvu umeishusha. Hesabu hii haifai kwa bolti zisizoshika kutu, zenye alama kama A2-70 (hapo 70 ni megapaskali 700, yaani nyutoni 700 kwa kila milimita mraba), wala zile za inchi zenye mistari: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Isiyo na alama kabisa, mimi siifungi penye mzigo.